Farasi Watatu wa Nel

Nel aliileta Jumamosi, ndani ya sanduku refu,
imelazwa kwenye sponji kama fidla.
Ekzosi ya titani, na pale ilipochomelewa
rangi ya buluu, buluu ya shingo ya njiwa.
Mishahara miwili ya duka la mikate.
"Telva," akaniambia, "ifunge kabla sijajuta."

Mimi sifungi kitu nisichokipima.
Kwanza niliipandisha pikipiki kwenye mashine
kama ilivyotoka kiwandani, na bomba lake jeusi,
nene, zito kama mbuzi aliyeshiba:
kilo tano na gramu mia sita,
na tumboni kuta, na vyumba, na kichujio
kinachoufunza moto adabu kabla haujatoka nje.
Nikakaza mikanda. Nikavuta mafuta, gia ya nne,
gurudumu likazungusha pipa la chuma
na kiooni mstari ukapanda taratibu,
mpana, kama mgongo wa ng'ombe.
Nguvu za farasi sitini na nane.
Sitini na nane tena. Kisha sitini na saba na nusu,
maana unyevu ulishaingia;
mvua ya Mieres haipigi hodi.

Halafu springi mbili, boliti nne, gasketi mpya.
Kilo mbili na robo.
Nikawasha.

Basi, nikisema haikunigusa nitakuwa mwongo.
Sauti ilipita sakafuni, ikanipanda miguuni,
ikachezesha makopo yote ya nati.
Ghorofani dirisha likafunguka: Benilde,
muuguzi wa zamu ya usiku, aliyelala saa mbili tu.
Hakutukana. Alitutazama,
nywele zimelala upande mmoja, akafunga.

Sabini na mmoja.
Nel akaruka. "Watatu! Nimepata watatu!"
"Umewapata wapi?" nikamuuliza. "Njoo utazame."
Nikalaza mistari miwili pamoja, mweusi na mwekundu.
Farasi wako wanakaa huku juu,
mizunguko elfu tisa na ushei,
ambako sindano yako hufika
labda mara mbili kwa mwaka, ukiwa na hasira.
Sasa shusha kidole. Hapa, elfu nne,
mwekundu unazama chini ya mweusi,
na hapa ndipo unapoishi wewe, Nel:
kona za kupanda Pajares, lori la maziwa mbele,
gia ya tatu, ukungu, Iyán nyuma kakushika kiuno.
Hapo la zamani linakusukuma
na jipya linakohoa.

"Kwa kompyuta naweza kulitibu," nikasema.
"Siku nzima, yuro mia mbili.
Bonde litapungua. Kwisha, halitakwisha."

Baba alikuwa pembeni, kwenye kiti cha plastiki.
Miaka ishirini na sita ya keekee mgodini
imemwachia masikio ya urembo tu.
Kila nilipowasha aliweka kiganja
juu ya meza ya chuma.
Nel akamwinamia, akapaza sauti:
"Laureano! Ipi?"
Baba akafikiri. Akasogeza kikombe.
"Ya pili inawasha mkono," akasema. "Kama keekee."
Hakusema kama hiyo ni sifa.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Nel aliondoka na jipya; nilijua tangu sanduku.
Alilipa, akavaa kofia,
akaisukuma pikipiki kwa miguu, mvuani,
akapita chini ya dirisha la Benilde,
akafika kwenye duka la viatu lililofungwa,
ndipo akawasha.

Nilimsikia mpaka daraja la pili.
Baba hakumsikia. Kiganja chake
kilikuwa bado mezani.

La zamani nimelifunga blanketi, rafu ya chini,
na nimeandika kwa chaki:
Nel. Mpaka ukaguzi wa Mei.